Huyo Unayemwita Nyoka Ana Jina

Wasee wangu, leo naomba tumtetee mnyama ambaye hana wakili. Nyoka.

Nenda jukwaa lolote la mashairi, liwe la katikati ya jiji ama lile la kwenu mtaani lenye maiki moja na viti vya kukodisha. Keti hadi mwisho. Kabla jioni iishe, nyoka atakuwa amepita hapo mbele mara tatu. Wa kwanza ni mpenzi aliyemwacha mshairi. Wa pili ni beshte aliyemsengenya. Wa tatu ni mwanasiasa. Wote wana ndimi mbili, wote wanatambaa nyasini, wote wanatema sumu. Tunapiga makofi, tunapiga kelele "hebu rudia hapo!", halafu tunaenda nyumbani bila kujua hata mmoja kati yao alifanya nini hasa.

Hiyo ndiyo shida yangu, na nitaisema mapema ndio usingoje. Ukimwita mtu nyoka kwenye shairi, mara nyingi hujamfichua. Umemficha. Matendo yake umeyafunika na ngozi ya mnyama. Na juu ya hapo umemwachia msikilizaji rungu mkononi, bila kumwambia makosa ya huyo anayeenda kupigwa.

Najua kuna mtu tayari anaandika "lakini ni tamathali tu, relax". Tulia. Tutafika.

Tulivyofunzwa

Hii tabia haikuanguka kutoka mbinguni. Sisi wote tuliopitia sekondari tunaikumbuka Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya Fasihi. Unapewa shairi, unaulizwa ishara, na kichwani kuna orodha ulikariri kama jedwali la kuzidisha. Njiwa ni amani. Giza ni ujinga. Mwanga ni elimu. Nyoka ni uovu. Unaandika, unapata alama yako, unaenda zako.

Sasa shida ya orodha kama hiyo ni kwamba inakufunza kuwa ishara ni alama ya kulingana kwenye hesabu. Nyoka = mbaya. Lakini kama nyoka ni sawasawa na mbaya, si ungeandika tu "mbaya"? Umeongeza nini kwa kumleta mnyama mzima, na magamba yake yote, kuja kufanya kazi ya neno moja?

Na mnyama mwenyewe hatumjui. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akiimbwa kama "chatu mwenye sumu". Bro, chatu hana sumu. Chatu anakukumbatia mpaka damu inashindwa kuzunguka. Hiyo peke yake ni ishara kali ya mapenzi mabaya kushinda sumu yote duniani, na mshairi ameipita mbio akielekea kwa neno alilokariri.

Ama ule ulimi uliogawanyika, ambao kila mtu anautumia kumaanisha uongo. Ule ulimi ni pua. Nyoka anautoa kuokota harufu hewani, na zile ncha mbili zinamsaidia kujua harufu imetoka upande gani, kushoto ama kulia. Kwa hivyo ukisema "una ulimi wa nyoka", umemwambia mtu kwamba anajua kunusa njia. Hongera kwake.

Nyoka hana kesi

Tuchukue huyu mwanasiasa sasa. Ubeti unasema MCA wetu ni nyoka, alitambaa hadi ofisini, ametuuma. Watu wanashangilia.

Nikuulize, nyoka huuma kwa nini? Mchukue moma, yule wengine humwita kifutu. Ni mnene, rangi yake imefanana na majani makavu na mchanga, na akisikia unakuja mara nyingi hakimbii. Analala tu palepale akitegemea kwamba hutamwona. Ukimkanyaga, anauma. Hiyo ndiyo stori yote. Hakuwa na mpango na wewe. Hakukaa kwa mkutano akagawa asilimia.

Sasa yule aliyekula pesa za basari, nani alimkanyaga? Aliumwa na nini mpaka akajitetea kwa kuandika majina ya watoto hewa? Ukimwita nyoka umemfanyia favour kubwa sana. Umesema hii ndiyo asili yake, amezaliwa hivyo, angefanya nini tena. Nyoka hawezi kushtakiwa. Nyoka hasaini hundi. Mtu anaweza kushtakiwa, na mtu husaini hundi, na hundi ina tarehe.

Shairi ambalo lingemtia jasho ni lile linalotaja mtoto aliyekaa nyumbani muhula mzima akiangalia wenzake wakipita na sare. Lile linalosema choo cha sokoni kilizinduliwa mara mbili na bado hakina maji. Hapo MCA akisikia anajijua. Ukisema "nyoka", yeye mwenyewe atapiga makofi na wewe, kwa sababu anadhani unamwongelea mpinzani wake.

Na wanasiasa wanaijua hii mchezo kutuliko. Mwaka wa 2011 kule Tanzania, chama tawala cha CCM kilikuja na kauli ya "kujivua gamba", kikimaanisha kwamba wale waliochafuliwa na tuhuma za ufisadi wakae kando ili chama kiwe kipya. Fikiria hiyo picha kidogo. Chama kimejifananisha chenyewe na nyoka! Na mtu yeyote aliyewahi kuona gamba la nyoka shambani anajua linachomaanisha. Nyoka akijivua gamba anabaki nyoka yuleyule, ila sasa anang'aa na amekua kidogo. Hapo ndipo ishara ilipowageuka wenyewe, kwa sababu waliomsikiliza walimjua mnyama.

Kufumba kunakostahili

Kuna wakati mshairi ana haki kabisa ya kumficha mtu ndani ya mnyama, na hiyo sitakataa.

Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alifungwa kwa sababu ya kijikaratasi chake "Kenya: Twendapi?" Alikaa ndani kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyaandika huko gerezani yakatoka 1973 kwa jina "Sauti ya Dhiki". Mle ndani kuna shairi linaitwa "Mamba". Si mamba wa Kizungu, yule nyoka. Ni mamba wetu, wa mtoni. Mamba huyu ana kiburi, anajiona ataishi milele, na mshairi anamkumbusha kwamba siku yake itafika. Tangu mwanzo anakuambia wazi kwamba amefumba, na anayeweza kufumbua afumbue.

Angalia tofauti. Huyu mtu alikuwa ameshasema waziwazi, na kusema waziwazi ndiko kulikompeleka ndani. Fumbo lilikuwa njia iliyobaki. Na hakumleta mamba kama tusi. Alimpa mto, akampa majivuno, akampa mwisho. Ukisoma unaona mtawala, na unaona pia kwa nini ni mamba na si simba.

Na hata sasa, baada ya yale ya 2024, vijana kuchukuliwa barabarani kwa sababu ya picha na posti, sitamwambia mtu yeyote aandike jina ambalo litamletea gari lisilo na namba mlangoni. Kama unaogopa na una sababu, fumba. Fumba vizuri. Nitasimama na wewe.

Lakini mpenzi wako wa zamani hatakuteka, msee. Beshte aliyekusengenya kwa WhatsApp hatakufunga miaka mitatu. Hao unawaita nyoka kwa sababu ni rahisi. Ukisema alichofanya, itabidi useme pia wewe ulikuwa wapi, ulimjibu nini, na kwa nini ulikaa miaka miwili.

Na mbona nyoka ni mwanamke kila saa?

Sasa hapa ndipo nakasirika kweli.

Hesabu hao nyoka wa jukwaani. Wa kiume ni wanasiasa. Waliobaki karibu wote ni mademu. Kiuno cha nyoka, macho ya nyoka, alimpiga busu la sumu. Ukiuliza unaambiwa "ni kutoka Biblia", mambo ya Hawa.

Sawa, tuifungue basi. Kwenye Mwanzo sura ya 3, nyoka ni mmoja na mwanamke ni mwingine. Nyoka ndiye anadanganya, mwanamke ndiye anadanganywa. Nani aliwaunganisha wakawa kitu kimoja? Si hiyo sura. Na kwenye Kurani, ukisoma kisa cha Adamu na mkewe, nyoka hatajwi hata mara moja. Ibilisi anawapotosha wote wawili. Nyoka aliingizwa na masimulizi ya baadaye. Na ni Biblia hiyohiyo inasema Musa alitengeneza nyoka wa shaba ili walioumwa wamtazame wapone, na Yesu akawaambia wanafunzi wake wawe na busara kama nyoka. Kwa hivyo kitabu chenyewe kina nyoka wa aina tatu au nne, na sisi tumembeba mmoja tu, tena tumembeba vibaya.

Huyu nyoka-mwanamke amelelewa sana na washairi wa Ulaya. John Milton, kwenye "Paradise Lost" ya 1667, alichukua ile sura fupi ya Mwanzo akaifanya utenzi mrefu ambao Waingereza hawajawahi kuusahau. Mwaka wa 1820 John Keats akatoa "Lamia", nyoka anayegeuzwa mwanamke mrembo ili ampate kijana aliyempenda. Lakini hata Keats ukimsoma hadi mwisho utashangaa. Lamia hamuumi mtu. Wanakaa vizuri na yule kijana wake. Siku ya harusi anakuja mzee mwanafalsafa, anamkazia macho, anatangaza mbele ya wageni kwamba bibi harusi ni nyoka. Lamia anatoweka. Usiku huohuo kijana anakufa. Hebu niambie, aliyemuua kijana ni nani? Nyoka, au yule aliyepayuka "nyoka"?

Tunayo methali yetu inayojibu: ukitaja nyoka, shika fimbo mkononi. Watu huitumia kumaanisha ujiandae kabla ya kutaja hatari. Mimi naisikia vingine pia. Hili neno halitembei peke yake. Likitajwa, mkono unatafuta fimbo. Hakuna mtu kwenye kijiji chochote Kenya anasikia "nyoka!" halafu anauliza "amefanya nini?" Anakimbilia jembe.

Tarehe 27 Januari 2024 wanawake na wanaume waliingia barabarani Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Kumbuka komenti za wiki hizo. Msichana ameuawa, familia bado inatafuta nguo za kumzika, na chini ya habari yake kuna watu wanaandika kwamba alikuwa anakula pesa za watu, kwamba wasichana wa siku hizi ni nyoka, kwamba alijua alichokuwa anatafuta. Sisemi shairi lako liliua mtu. Siwezi kusema hivyo na sina ushahidi wa hivyo. Nasema kwamba lugha ya kusema alistahili ilikuwa tayari imepikwa, ikapakuliwa, na sisi washairi tulikuwa jikoni.

Na kuna mahali penye giza zaidi. Jirani zetu wa Rwanda, kabla ya 1994 na wakati wa mauaji yale, propaganda iliwaita Watutsi mende. Iliwaita pia nyoka. Haikuwa ajali kuchagua viumbe ambavyo mtu anafunzwa tangu utotoni kuviua akiviona, bila kufikiri, hata kama ni kadogo kabisa kametoka kwa yai jana. Sisi wenyewe tunajua "madoadoa" ilifanya nini hapa. Neno likishamtoa mtu kwa watu, kazi iliyobaki ni fupi.

"Lakini ni utamaduni wetu"

Hii nimeisikia pia. Eti Mwafrika na nyoka ni maadui tangu jadi, methali zimejaa. Ni kweli zipo. Mwana wa nyoka ni nyoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sitazikana.

Lakini utamaduni wetu ni mkubwa kuliko methali mbili. Enda Nyanza, Nyakach. Kuna chatu anaitwa Omieri. Kwa wazee wa Kijaluo huyu si adui. Akija ni dalili ya mvua na mavuno mazuri, na hauawi. Mwaka wa 2003 chatu alipoonekana kijiji cha Wasare, watu walimwita Omieri, wakamiminika kumwona. Wengine wakasema ni baraka. Wengine wa makanisa wakasema ni shetani, aondolewe. Kijiji kimoja, nyoka mmoja, ishara mbili zinapigana. Hiyo ndiyo maana ya ishara! Kitu ambacho watu wanaweza kukibishania mpaka usiku. Nitajie shairi moja la jukwaani lenye ubishi huo.

Ama tuende Pwani. Edward Steere alikusanya hadithi za Waswahili kule Zanzibar na kuzichapisha 1870. Mojawapo ni ya Hasibu Karim na mfalme wa nyoka, ambayo ni ndugu ya zile za Alfu Lela Ulela. Hasibu anaachwa shimoni na wenzake. Binadamu wenzake, waliochota asali pamoja naye, wakamwacha afe humo ili wagawane wao. Huko chini anafika kwa mfalme wa nyoka, ambaye anamlisha na kumkaribisha. Hasibu anaomba kurudi nyumbani. Mfalme wa nyoka anamwambia, nikikuacha uende utanidhuru. Hasibu anaapa hatafanya hivyo. Anaachiliwa. Na mwisho wake? Ni Hasibu anayewaongoza watu mpaka kwa mfalme wa nyoka ili auawe, nyama yake iwe dawa ya sultani. Na yule nyoka, akijua anaenda kufa, bado anamwelekeza Hasibu jinsi ya kujiokoa na hila za waziri.

Msaliti kwenye hiyo hadithi ni nani? Tumekuwa na hii stori Pwani kwa vizazi. Halafu mtu ananiambia mbele ya maiki kwamba "utamaduni wetu" unasema nyoka ni usaliti.

Hata tusi letu bora la nyoka ni bora kwa sababu lina macho. Joka la mdimu. Nyoka anayekaa kwenye mti wa ndimu, ndimu zenyewe hali, na wewe ukija kuchuma hakuachii. Unamjua huyo mtu mara moja, si ndio? Meneja aliyekalia nafasi, mjomba aliyekalia shamba la marehemu. Hapo hakuna sumu, hakuna ulimi, hakuna "kutambaa gizani". Kuna mti, kuna tunda, kuna tabia. Aliyeiunda hiyo picha alikaa akaangalia.

Aliyekaa akaangalia

Kama unataka shairi moja la nyoka kusoma mwaka huu, tafuta "Snake" la D. H. Lawrence, Mwingereza aliyekuwa anaishi Sicily, Italia. Lilitoka kwenye kitabu chake cha 1923. Stori yake ni ndogo sana. Siku ya joto, mtu anaenda kuchota maji na jagi lake, akiwa bado na nguo za kulala. Anakuta nyoka ametangulia, anakunywa. Anangoja foleni. Anangoja foleni nyuma ya nyoka! Wakati huo kichwani sauti ya elimu yake inamwambia amuue, nyoka wa rangi hii wana sumu, kama wewe ni mwanaume muue. Nyoka anamaliza kunywa, anaanza kurudi shimoni. Na hapo ndipo huyu bwana anaokota gogo na kumrushia. Anamkosa. Papo hapo anajiona mtu mdogo, mtu wa hovyo.

Hakuna "nyoka ni uovu" mle. Nyoka amekunywa maji akaenda zake. Shairi zima ni juu ya mwanadamu na ile sauti aliyofunzwa. Ile sauti ya elimu, wasee, ndiyo orodha yetu ya Karatasi ya Tatu. Njiwa ni amani, nyoka ni uovu, okota gogo.

Hata wasanii mnaowapenda wamelielewa hili. Mwaka wa 2016 Taylor Swift alijaziwa emoji za nyoka kwenye komenti zake baada ya ugomvi wake na Kim Kardashian. Mwaka uliofuata akarudi na albamu ya "Reputation" akiwa amemvaa nyoka huyohuyo kama taji. Megan Thee Stallion alipotoa "Cobra" mwishoni mwa 2023, nyoka alikuwa ni yeye mwenyewe, akijivua ngozi ya huzuni na usaliti aliopitia. Penda usipende muziki wao, angalau walimgeuza mnyama wakamwangalia upande wa pili. Sisi bado tuko kwa emoji.

Nyoka wa kweli, na shairi ambalo halijaandikwa

Kuna watu ambao kwao nyoka si ishara. Mchungaji wa mbuzi Baringo. Mama anayetafuta kuni Kitui. Mtoto anayelala sakafuni Kilifi. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Makadirio yao ni kwamba kila mwaka wanakufa watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani, wengi wao maskini, wengi wao mashambani. Na wengine wanabaki bila mguu au mkono.

Unajua kinachoua wengi? Masaa. Dawa ya kuzuia sumu ipo, hutengenezwa kutokana na damu ya wanyama kama farasi waliodungwa sumu kidogokidogo mpaka miili yao ikajifunza kupambana nayo. Lakini haiko kwa zahanati ya karibu, ni ghali, na barabara ni mbovu. Na pale ambapo watu wameambiwa maisha yao yote kwamba nyoka ni shetani au ametumwa, mguu ukiumwa mtu anauliza kwanza "nani ametutumia huyu?" Wanaenda kwa mganga. Jirani anashukiwa. Saa zinaenda.

Sasa ona tulichofanya. Tuna nyoka elfu moja kwenye mashairi yetu na hakuna hata mmoja anayemuuma mtu mguuni. Liko wapi shairi la bodaboda inayobeba mtoto aliyeumwa saa nane usiku, baba ameketi nyuma amemshika asilale, na hospitali ya kwanza imesema dawa imeisha? Liko wapi shairi la yule farasi ambaye damu yake inatembea ndani ya mtu asiyemjua? Liko wapi shairi kwamba sumu ya nyoka mmoja wa Brazil iliwafunza wanasayansi kutengeneza dawa ya presha, na leo huenda shosho wa mtu anameza dawa ya ukoo huo kila asubuhi akienda kanisani kuombewa dhidi ya nyoka? Hizo picha zote ziko mezani bure. Hakuna mtu anazigusa kwa sababu tuko bize na ex.

"Ni tamathali tu"

Tumefika. Ndiyo, ni tamathali. Kwa sababu ni tamathali ndio nazungumza na wewe. Mtu wa kawaida akimwita jirani nyoka amekasirika, kesho atasahau. Wewe ni mshairi. Kazi yako ni kuchagua neno, na umekaa nalo wiki nzima, umelifanyia mazoezi mbele ya kioo, umelirekodi, umeliwekea muziki, umelipandisha mtandaoni litazamwe na watoto wa Form Two. Huwezi kudai sifa za mwenye nguvu ya maneno, halafu ukiulizwa unasema maneno hayana nguvu. Chagua moja.

Na sisemi nyoka apigwe marufuku. Namtaka kwenye mashairi zaidi ya nyinyi. Ninachoomba ni hivi. Kabla hujamwandika, sema ni nyoka gani: moma, swila, koboko, chatu, au yule mdogo wa kijani anayekula vyura na hana shida na mtu. Kila mmoja ana tabia yake, na tabia ndiyo inabeba maana. Halafu toa neno "nyoka" uweke "mbaya". Kama ubeti haujapoteza kitu, futa huo ubeti. Halafu, kama unayemlenga ni mtu, andika kwanza kwenye karatasi alichofanya, kwa sentensi moja, bila mnyama yeyote. Ukishindwa kuiandika hiyo sentensi, labda hakufanya kitu, amekuacha tu. Inauma, pole sana, lakini hiyo si sumu.

Wikendi hii jaribu. Chukua lile shairi lako la nyoka, lile linalopigiwa makofi sana. Mtoe nyoka. Weka jina, au kama jina litakuletea shida, weka siku, mahali na kitendo. Lisome tena kwa sauti. Kama sauti yako itatetemeka mahali ambapo zamani ulikuwa unapandisha mabega, basi umefika. Lilete, nitalisoma.